Maswali ya Wasomaji: Umenunua Nakonde, Lakini Bidhaa ni ya Wapi?

Barua zilizofika mezani kwangu tangu toleo lililopita zimefanana kiasi kwamba nimeona afadhali nizijibu pamoja. Nyingi zimetoka Mbeya, Kyela na Iringa, na karibu zote zinauliza, kila moja kwa maneno yake, kwa nini mzigo mmoja hutozwa fedha nyingi na mwingine kidogo, ilhali yote imevuka mpaka uleule siku ileile. Majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba. Wale wanaoendelea kuandika "Tunduma, Mbeya" juu ya bahasha nawakumbusha tu kwamba tangu mwaka 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, ingawa barua zao zimefika salama.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Mwanjelwa. Mwezi uliopita nilivuka Tunduma nikaenda Nakonde, upande wa Zambia, nikanunua mablanketi na vyombo vya plastiki, jumla kama shilingi milioni mbili ukibadilisha kutoka kwacha. Jirani yangu wa kibanda naye alinunua sabuni za kiwanda cha Lusaka, thamani karibu sawa na yangu. Tulipofika upande wetu yeye alilipa kidogo, mimi nikalipa mpaka nikabaki na nauli tu. Nilipouliza, afisa aliniambia mzigo wangu si wa Zambia. Nimenunua Zambia, kwa fedha ya Zambia, na risiti ninayo. Utakuwaje si wa Zambia?
*Mama wa Mwanjelwa, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mama. Risiti yako ni ya kweli na umefanya vema kuitunza, ila inathibitisha jambo moja tu, yaani mahali uliponunua. Forodha wana swali jingine kabisa, nalo ni mahali bidhaa ilipozalishwa au kutengenezwa, ambalo wao huliita uasili wa bidhaa. Duka la Nakonde linaweza kuuza sabuni ya Lusaka, blanketi la China na redio ya Malaysia katika rafu moja, na vyote vitatu vikatoka na risiti moja yenye mhuri mmoja. Kwa mnunuzi hivyo ni vitu vya Nakonde. Kwa afisa wa forodha ni bidhaa za nchi tatu, na kila moja ina hesabu yake.

Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, na Itifaki ya Biashara ya jumuiya hiyo iliyotiwa saini mwaka 1996 ndiyo iliyozaa eneo huru la biashara lililozinduliwa mwaka 2008. Kwa utaratibu huo, bidhaa iliyolimwa, kuvuliwa, kuchimbwa au kutengenezwa katika nchi mwanachama kwa kiwango kinachotakiwa na kanuni za uasili hupata nafuu ya ushuru wa forodha inapoingia nchi nyingine mwanachama, mradi iambatane na cheti cha uasili cha SADC. Bila shaka jirani yako alikuwa na karatasi hiyo, au aliyemuuzia alikuwa amemwandalia. Wewe hukuwa nayo, na hata ungeiomba usingepewa kihalali, kwa sababu mablanketi yaliyofumwa Asia hayawi ya Zambia kwa kulala ghalani Nakonde.

Hapa pana jambo ambalo hunichekesha kila ninapolifikiria, ingawa najua halimchekeshi aliyelipa. Sehemu kubwa ya bidhaa za Asia zinazouzwa kaskazini mwa Zambia huteremshwa bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa barabara kuu ya Tanzam katika makontena yaliyofungwa kwa lakiri. Huenda kabisa mablanketi yako yalipita Mbeya mjini, mita chache kutoka kibandani kwako, yakaenda kulipiwa ushuru Zambia, nawe ukayafuata huko na kuyarudisha. Kwa kuwa yalipita hapa kama mzigo wa nchi jirani, Tanzania haikuyatoza kitu wakati ule; na ushuru uliolipwa Zambia, ambao muuzaji ameuingiza katika bei yake, haupunguzi hata senti moja ya ushuru wa kwetu. Ndiyo maana blanketi linaloonekana rahisi Nakonde mara nyingi huwa ghali likifika Mwanjelwa kwa njia halali.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana naona ndiyo iliyokuumiza. Bidhaa isiyo na cheti cha nafuu hutozwa kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati zinazohitaji kuendelezwa viwandani, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu tarehe 1 Julai 2022 kundi la nne la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika ambazo nchi wanachama zinaweza kujitengenezea. Nje ya makundi hayo ziko bidhaa nyeti, mathalani sukari, ambayo kiwango chake katika orodha ya Jumuiya ni asilimia 100, na mchele asilimia 75. Serikali zinaweza kubadilisha viwango vya bidhaa fulani kwa mwaka mmoja mmoja, na mabadiliko hayo hutoka katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo kiwango ulicholipa Mei si lazima kiwe kile utakachokikuta Julai.

Tuseme mzigo wako, pamoja na gharama ya kuufikisha mpakani, ulithaminishwa kwa shilingi 2,000,000 na wote ukaangukia kundi la asilimia 25. Ushuru wa forodha ni shilingi 500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi wetu tunaiita VAT, ni asilimia 18, lakini haikokotolewi juu ya zile milioni mbili. Hukokotolewa juu ya thamani ikishajumlishwa na ushuru, yaani 2,500,000, nayo inakuwa 450,000. Jumla ni shilingi 950,000 kabla ya tozo nyingine ndogo. Jirani yako mwenye cheti hakutozwa ushuru, hivyo VAT yake ilikokotolewa juu ya 2,000,000 peke yake na kuwa 360,000. Tofauti kati yenu ni 590,000, na utaona kwamba cheti kilimwokolea ushuru na pia VAT ambayo ingetozwa juu ya ushuru huo. Kile ambacho cheti hakifanyi, na wengi hukosea hapa, ni kufuta VAT yenyewe.

Jambo la mwisho kwako, mama, kwa sababu najua utarudi Nakonde. Ukimwuliza muuzaji kama ana cheti cha uasili, usiridhike na neno "ninacho"; mwombe akuonyeshe ni cheti cha nani. Zambia ni mwanachama wa SADC na pia wa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na wafanyabiashara wa kule hutumia zaidi cheti cha COMESA kwa sababu wanauza sana Kongo na Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Cheti cha COMESA kikiwekwa juu ya kaunta ya Tunduma kinakuwa karatasi nzuri isiyo na kazi, na nimewahi kuona mtu mzima akitokwa machozi kwa kosa hilo, kwani alikuwa amenunua mzigo wa lori zima akikitegemea. Cheti unachokihitaji kimeandikwa SADC, hutolewa na Mamlaka ya Mapato ya Zambia kwa shehena inayotajwa ndani yake, na idadi, uzito na jina la bidhaa lazima vilingane na kilichomo garini. Cheti cha mwaka jana alichobandika muuzaji ukutani mwa duka lake si chako.

SWALI: Ndugu mwandishi, sisi vijana wa Kyela tunanunua maharage na karanga upande wa Malawi na kuvusha Kasumulu kwa bodaboda, gunia moja au mawili kwa safari. Wakubwa wetu wa biashara wanasema mzigo mdogo hauhitaji kutolewa tamko, na kwamba kidogo kidogo si magendo. Wengine hawapiti hata getini, wanavuka Mto Songwe kwa mitumbwi. Ukweli ni upi?
*Kijana wa Kyela*

JIBU: Wakubwa wako wamekupa ushauri ambao hawatakuwapo kuulipia. Hakuna uzito ambao chini yake bidhaa ya biashara haitolewi tamko. Mzigo unaweza kutolewa tamko na ikaonekana hautozwi ushuru, hasa mazao ya Malawi yenye cheti cha SADC, kwa kuwa Malawi nayo ni mwanachama; lakini anayeamua hivyo ni afisa baada ya kuelezwa, si mwenye pikipiki kabla ya kufika. Nadhani najua uvumi huo ulikotoka. Kati ya Malawi na Zambia upo utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo, na wenzenu wa ng'ambo wanapousimulia mnadhani unahusu na Kasumulu. Hauhusu, kwa sababu ileile niliyomweleza mama wa Mwanjelwa.

Kwa mazao, ushuru wala si kikwazo cha kwanza. Cha kwanza ni afya ya mimea. Maharage na karanga huingia kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha usafi wa mimea kilichotolewa na nchi yanakotoka, na wakaguzi wa mamlaka hiyo wapo mpakani pamoja na wa forodha. Gunia lenye wadudu linaweza kuzuiwa hata kama kodi zote zimelipwa. Tena siasa za mazao hubadilika ghafla: Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa mahindi, unga, mchele, tangawizi na ndizi, na Aprili mwaka huohuo Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, zuio lililoondolewa baada ya siku chache tu. Aliyekuwa amekwisha kununua siku hizo alibaki na magunia yake barabarani. Ulizia getini Kasumulu kabla ya kufungua mkoba.

Kuhusu mitumbwi nitasema kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka bidhaa ziingie kwa njia zilizoteuliwa, na anayezipitisha kwa njia za panya anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Bidhaa yenyewe inaweza kutaifishwa, na chombo kilichoibeba vilevile. Kijana mwenye pikipiki ya mkopo alikumbuke hilo la mwisho.

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Iringa. Dada yangu ameolewa Lusaka na huwa nakaa kwake wiki mbili wakati wa likizo. Narudi na nguo, zawadi za watoto na chupa moja au mbili za mvinyo kwa ajili ya shemeji. Je, ni lazima nitoe tamko la vitu vyote hivyo? Na nifanye upande gani wa mpaka?
*Muuguzi wa Iringa*

JIBU: Nianze na swali lako la pili. Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe na Rais Magufuli na Rais Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Ukirudi kutoka Lusaka, maafisa wa Zambia wanaokutoa na wa Tanzania wanaokupokea utawakuta upande wa Tunduma, dirisha kwa dirisha.

Nguo ulizokwishavaa na vifaa vyako vya kawaida vya safari havitozwi. Zawadi na vitu vipya vina msamaha hadi kiwango cha thamani kilichowekwa katika Jedwali la Tano la sheria niliyoitaja hapo juu, lakini msamaha huo una masharti mawili ambayo watu wa huku kwetu huyasahau. La kwanza, vitu viwe vya matumizi yako au ya nyumbani kwako, visiwe vya kuuza. La pili, uwe umekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24. Wewe wa wiki mbili huna wasiwasi. Anayetoka Mbeya alfajiri, akala mchana Nakonde na kurudi jioni na televisheni mpya, hana haki ya msamaha huo hata akiapa kwamba ni ya sebuleni kwake.

Pombe na tumbaku zina kipimo chake, na ni kwa aliyetimiza miaka 18: pombe kali isiyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2, na sigara au tumbaku isiyozidi gramu 250. Manukato pamoja na maji ya manukato yasizidi nusu lita, na manukato yenyewe yasizidi robo lita. Chupa mbili za kawaida za mvinyo ni lita moja na nusu, kwa hiyo shemeji yako atakunywa kwa amani. Vitaje tu vyote unapoulizwa, hata vile unavyojua vina msamaha, maana kilichotajwa kinakadiriwa na kilichofichwa kinakamatwa. Usibebe bidhaa zako katika mifuko ya plastiki ya kubebea, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na usimletee rafiki krimu za kung'arisha ngozi zenye viambato vilivyokatazwa. Na endapo siku moja utabeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au thamani yake kwa kwacha au shilingi, nazo hutolewa tamko. Hazitozwi kodi, ila kutozitaja ni kosa.

SWALI: Mzee, nimeonewa. Nilileta vipuri vya pikipiki, nikaonyesha risiti, afisa akaikataa na kuniwekea thamani karibu mara mbili. Kijana mmoja aliyekuwa pale nje akaniambia anamfahamu mtu wa ndani, nimpe shilingi laki moja na nusu anisaidie ipungue. Nilimpa. Sijamwona tena. Nifanyeje?
*Fundi wa Uyole*

JIBU: Pole sana, fundi. Una mambo mawili hapo, na umeyachanganya.

La thamani lina njia. Kanuni ni kwamba thamani ya forodha ni bei uliyolipa kweli, pamoja na usafiri na bima hadi mpakani. Afisa akiwa na shaka ya msingi na risiti, kwa mfano imeandikwa kwa mkono, haina maelezo ya bidhaa, au bei yake iko mbali na ya wengine walioleta vipuri vilevile, anaweza kuiweka kando na kushuka ngazi kwa ngazi katika njia nyingine tano: bei ya bidhaa zilezile, ya bidhaa zinazofanana, kisha hesabu ya kurudi nyuma kutoka bei ya sokoni hapa nchini, na kuendelea. Lakini hapaswi kubuni tu. Una haki ya kumwomba akueleze ametumia njia ipi. Tena niseme bila kukupendelea: maduka mengi ya mpakani humwuliza mteja "niandike ngapi?" kabla ya kuandika risiti, maafisa wanalijua hilo, na mwaminifu huumia kwa mazoea ya wenzake. Uthibitisho wa malipo kwa simu au benki una nguvu kuliko risiti yoyote ya duka.

Kama bado huridhiki, kifungu cha 229 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Forodha niliyomtajia kijana wa Kyela kinakupa siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa kuandika kwa Kamishna wa Forodha kuomba uamuzi upitiwe upya, ukitaja sababu zako. Kamishna naye ana siku 30 za kukujibu tangu apokee ombi, na zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Kwa hiyo barua hiyo iwe na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Akikataa, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Kaa uhesabu siku zako leo, maana hukuandika katika barua yako ulivuka lini.

Laki moja na nusu ni jambo jingine. Huyo alikuwa kishoka, nawe hukuilipa serikali chochote kwa mkono wake. Malipo ya forodha hufanywa benki au kwa simu kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo inayotoka katika mfumo ikiwa na jina lako na kiasi chako; fedha inayopokelewa mkononi, nje ya jengo, na mtu asiye na ofisi, haiingii katika hesabu hiyo. Mzigo mdogo anaoubeba msafiri hukadiriwa dirishani, na ule unaohitaji tamko kamili katika mfumo wa forodha hupitia kwa wakala mwenye leseni, ambaye ana ofisi, ana jina katika orodha iliyo wazi, na hukupa risiti ya ada yake mbali na ya kodi. Katoe taarifa polisi, na kama unaamini mtu wa ndani alihusika kweli, nenda TAKUKURU. Nakuonya tu kwamba utaulizwa kwa nini ulitoa, na ni vema ujibu kama ulivyonijibu mimi.

SWALI: Kaka yangu anafanya kazi Ndola na atakuja harusini Makambako kwa gari lenye namba za Zambia. Atalilipia ushuru?
*Msomaji wa Makambako*

JIBU: Hapana, ikiwa litaondoka. Gari la mgeni huingia kwa kibali cha muda kinachotolewa mpakani, na bidhaa au chombo kilichoingizwa kwa matumizi ya muda lazima kitoke katika muda uliowekwa, ambao kwa sheria hauwezi kuzidi miezi 12. Kwa harusi atapewa muda mfupi zaidi. Aje na kadi ya gari. Kama si lake, aje na barua ya mwenye gari. Atalipia ada za barabara, na bima yake ya Zambia aiombee Kadi ya Njano kabla ya kuondoka Ndola. Kadi hiyo ni ya mpango wa COMESA, lakini Tanzania imebaki ndani ya mpango huo wa bima, kwa hiyo hapa inatambulika. Akiwa Makambako asilikodishe, asiliuze, wala asimwachie shemeji alitumie yeye akirudi kazini kwa basi, kwani hapo ndipo ushuru wote hudaiwa. Sherehe ikirefuka, aombe nyongeza ya muda kibali kikiwa bado hai.